Kabla ya redio, nani alipiga muziki nyumbani? Uzi wa Emma Darwin, piano yake na karatasi za nota

Alto wa Moshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye chai yake aisogeze karibu.

Mimi ni mwanakwaya, sauti ya pili, mwaka wa 19 sasa. Nyumbani kwetu kabati la vyombo lilikuwa na droo moja ambayo watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Ndani yake mama aliweka madaftari ya nyimbo, yote ameyanakili kwa mkono. Labda ndiyo maana habari ninayotaka kuwapa leo imenishika kiasi hiki.

Ni habari ya familia ya mwanasayansi Charles Darwin, Uingereza, enzi ya Malkia Victoria (1837–1901). Najua jina hilo likitajwa hapa watu wanaanza kubishana kuhusu nyani. Naomba leo tuliache hilo. Ninayemtaka ni mkewe, Emma, na piano yake.

Walioana tarehe 29 Januari 1839. Walikuwa mabinamu. Mwaka huohuo piano ya kiwanda cha Broadwood iliingia nyumbani kwao London, na mwaka 1842 walipohamia Down House, katika kijiji cha Downe huko Kent, piano ikahama nao. Walizaa watoto 10, saba wakafikia utu uzima. Emma hakuwa mpigaji wa kubahatisha: akiwa msichana alifundishwa na Moscheles, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa wakati ule, na kwenye familia ilisimuliwa kwamba alipata pia masomo machache kwa Chopin mwenyewe, yule mtunzi maarufu wa piano.

Sasa oneni jioni yao, maana watoto wao waliiandika vizuri. Baada ya chakula mume na mke wanacheza michezo miwili ya backgammon, ule mchezo wa dadu na kete. Darwin alitunza hesabu ya michezo hiyo miaka na miaka. Mwaka 1876 alimwandikia rafiki yake Mmarekani kwamba yeye ameshinda 2,795 na mkewe 2,490. Kisha anasoma kidogo kitabu cha sayansi. Akichoka anajilaza kwenye kochi, na Emma anakaa kwenye piano. Saa nne na nusu usiku wanaenda kulala.

Hapo kwenye kochi ndipo nataka tukae kidogo. Leo ukitaka wimbo unagusa simu. Edison alitoa mashine yake ya kunasa sauti mwaka 1877, na Darwin alifariki Aprili 1882, wakati mashine hizo bado hazijaingia majumbani. Kwa hiyo maisha yake yote, muziki uliosikika sebuleni mwake ulitoka kwenye vidole vya mtu aliyekuwepo chumbani. Vidole vyenyewe ni vya mama aliyezaa mara 10, aliyeuguza mume mgonjwa miaka 40, aliyezika mtoto wa miaka 10 mwaka 1851. Jioni inafika, anawasha mshumaa, anafungua karatasi za nota.

Na huyo anayepigiwa alikuwa hana sikio kabisa! Ameandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za maisha yake kwamba alipokuwa chuoni Cambridge marafiki walimpima kwa kumpigia nyimbo anazozijua, ila kwa mwendo wa haraka zaidi au wa pole zaidi. Zikampotea. Hata wimbo wa kumwombea Mfalme, unaoimbwa kila mahali, ulimshinda. Ajabu ni kwamba muziki wenyewe ulimchoma. Alikuwa akienda kusikiliza kwaya ya kanisa la King's College mpaka uti wa mgongo unamsisimka, na mara nyingine alikodi watoto wa kwaya waje kumwimbia chumbani.

Kuna sentensi moja ya mwanawe Francis nimeisoma mara nyingi. Anasema baba yake hakuweza kutambua wimbo aliokwisha kuusikia, lakini alibaki mwaminifu kwa alichokipenda. Unapigwa wimbo uleule wa siku zote, naye kutoka kwenye kochi anauliza: huu mzuri sana, ni upi? Basi akajiandalia orodha ndogo ya vipande vyote alivyovipenda katika vile alivyopiga mkewe, na mbele ya kila kimoja akaandika kwa maneno machache kile kilichomfanyia moyoni.

Orodha hiyo ilipotea. Francis anasema hivyo kwa masikitiko.

Naomba mchango wenu, hasa wanaopiga piano au kufundisha. Nitarudi.

---

Mzee wa Besi

Alto, shukrani kwa uzi. Swali moja. Nimewahi kusoma kwamba Darwin alipenda simfoni za Beethoven. Simfoni ni watu 50 au 60 na mavayolini na matarumbeta. Kijijini Kent alizisikia wapi?

---

Mwalimu wa Nota Nairobi

Mzee wa Besi, alizisikia kwa Emma. Ngoja nieleze, maana mimi nafundisha piano na jambo hili wanafunzi wangu hulishangaa kila mwaka.

Karne ile wachapishaji walichukua simfoni nzima wakaiandika upya kwa ajili ya piano moja. Mara nyingi iliandikwa kwa mikono minne: watu wawili benchi moja, wa kulia anashika sauti za juu, wa kushoto anashika besi. Karatasi ikifunguliwa, ukurasa wa kushoto ni wa mmoja na wa kulia ni wa mwenzake. Dada na dada, mama na binti, mchumba na mchumba. Watu wengi sana Ulaya walimjua Beethoven hivyo, na walimaliza maisha yao bila kuiona okestra. Utamu wake ni kwamba ukishaipiga simfoni kwa mikono yako unaijua kwa ndani, unajua mahali inapobana na mahali inapopumua. Anayeisikia tu hawezi kuijua hivyo.

Niseme na juu ya karatasi zenyewe, kwa sababu kazi yake inanigusa. Nota zilichongwa kwenye bamba laini la bati lililochanganywa na risasi. Fundi anaanza kwa kuvuta mistari mitano kwa mpigo mmoja, kwa kifaa chenye meno matano. Halafu ana mihuri ya chuma, kila alama na muhuri wake: kichwa cha nota, ufunguo, alama ya kupandisha nusu sauti. Anaweka muhuri, anagonga kwa nyundo. Na yote anayafanya kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, kama unavyoona maandishi kwenye kioo. Akikosea anageuza bamba, anagonga kwa nyuma mpaka pale palipobonyea pasawazike, anaanza upya. Kila ukurasa!

Bei iliyochapwa kwenye jalada la wimbo mmoja ilikuwa mara nyingi shilingi 4, na dukani mnunuzi alilipa nusu. Hata hiyo nusu haikuwa ndogo. Ndiyo maana watu walinakili kwa mkono, wakaazimana, na walizonunua wakazipeleka kwa fundi wa vitabu zishonwe pamoja kwa jalada gumu lenye jina la msichana mwenye nyumba. Vitabu hivyo bado vipo kwenye maktaba, na ukivifungua unakuta namba za vidole zimeandikwa kwa penseli juu ya nota. Mtu amefariki miaka 130 iliyopita, lakini unajua kidole chake cha nne kilikuwa kinamsumbua kwenye mstari wa tatu.

---

Binti wa Ng'ambo

Nimeisoma hiyo ya penseli nikatulia kwanza.

Naongeza kisa cha nyumba ya Malkia mwenyewe. Julai 1842 mtunzi Mjerumani Felix Mendelssohn alikwenda Buckingham Palace, kisha akamwandikia mama yake barua ndefu. Alimkuta Prince Albert, mume wa Malkia, peke yake. Malkia Victoria akaingia, amevaa nguo ya kawaida ya nyumbani, miaka yake 23. Upepo ulikuwa umetawanya karatasi za nota chumba kizima, nyingine zimefika kwenye pedali za kinanda. Malkia akapiga magoti akaanza kuziokota. Mumewe akasaidia, mgeni akasaidia.

Albert akapiga wimbo wa kanisa kwenye kinanda, kwa kichwa, bila karatasi. Halafu Mendelssohn akamwomba Malkia aimbe. Kukawa na kasuku chumbani, Malkia akasema lazima atolewe kwanza, la sivyo atapiga kelele kuliko mwimbaji. Mendelssohn mwenyewe akalibeba lile tundu kubwa akawapa watumishi nje. Malkia akachagua wimbo kutoka mkusanyo wa kwanza wa nyimbo za mgeni, akauimba vizuri, kwa mwendo sahihi, isipokuwa mahali pamoja penye nusu sauti.

Alipomaliza, Mendelssohn ikabidi akiri: wimbo ule haukuwa wake. Aliutunga dada yake, Fanny, ukachapwa kwa jina la kaka. Katika zile opasi zake mbili za nyimbo (opasi ni kazi ya mtunzi iliyochapwa na kupewa namba), ya 8 na ya 9, nyimbo sita ni za Fanny. Kaka mtu aliandika kwamba kukiri kulimwia vigumu.

Baba yao alimwambia Fanny akiwa na miaka 14 au 15 kwamba kwa kaka yake muziki huenda ukawa kazi, lakini kwake yeye ubaki pambo. Alichapisha opasi yake ya kwanza kwa jina lake mwaka 1846. Mei 1847 akafariki. Kwa hiyo, Alto, unaposema tumtazame aliyekaa kwenye piano, mimi nasema tutazame pia jina lililoko juu ya karatasi.

---

Kijana wa Reli

Wakuu, nawaheshimu, lakini mnaongelea matajiri. Darwin alikuwa na watumishi, Malkia ndiyo usiseme. Mfanyakazi wa kiwanda Manchester alikuwa na piano gani?

---

Mwalimu wa Nota Nairobi

Swali la haki. Piano ya kusimama, ile inayoegemezwa ukutani, ndiyo iliyoshuka chini kidogo kidogo. Kufikia nusu ya pili ya karne kulikuwa na mpango wa kulipa kwa awamu kwa miaka mitatu, na mafundi na wachimba makaa wenye mshahara wa uhakika walianza kuzileta nyumbani. Mabinti zao wakafundishwa. Hata mitihani ya gredi ninayowaandalia wanafunzi wangu hapa Nairobi imezaliwa enzi hiyo: Associated Board, bodi ya mitihani hiyo, iliundwa 1889. Lakini ni kweli, kwa walio wengi piano ilibaki kitu cha kutazama kwenye dirisha la duka. Walikuwa na sauti zao tu.

---

Alto wa Moshi

Nimerudi. Kijana wa Reli, umegusa ndipo. Hawa wenye sauti tu ndio waliotufikia sisi.

Huko Norwich kulikuwa na mwalimu wa kike, Sarah Glover, aliyezaliwa 1786. Alifundisha watoto kuimba kwa kutumia majina ya sauti tu, bila mistari mitano, na chati ndefu kama ngazi ukutani. Mwaka 1841 kikao cha walimu wa shule za Jumapili, mjini Hull, kilimpa mchungaji kijana, John Curwen, kazi ya kutafuta njia rahisi ya kufundisha watoto na maskini kuimba. Curwen mwenyewe nota zilikuwa zimemshinda. Akaichukua njia ya yule mama, akaipanga upya, akaisambaza. Doh, ray, me, fah, soh, lah, te. Sauti ya saba ikaitwa te badala ya si ili isianze na herufi moja na soh, maana kila sauti inaandikwa kwa herufi yake ya kwanza tu: d r m f s l t.

Mnaiona? Ni ileile solfa ya kwaya zetu. "Doh is G" juu ya ukurasa, nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari cha kuvuta sauti, alama ndogo juu ya herufi kuonyesha ya juu. Karatasi ya kawaida, kalamu ya kawaida, taipureta ya parokia ikipatikana ni bahati. Hakuna bamba, hakuna fundi wa kuchonga. Wamisionari waliibeba Afrika, na kwa njia hiyo mwalimu wa shule kule Johannesburg, Enoch Sontonga, mwaka 1897 aliandika kwa solfa, kwenye daftari lake, wimbo ambao sauti yake ndiyo sisi Watanzania tunasimama nayo tukiimba Mungu ibariki Afrika. Alifariki 1905. Baada ya hapo kwaya zilikuwa zikija kuazima daftari lile kwa mjane wake, na leo halijulikani liko wapi.

Orodha ya Darwin imepotea, daftari la Sontonga limepotea. Hili limekuwa likinirudia kichwani wiki nzima.

---

Mzee wa Besi

Mimi nimeimba kwa solfa miaka 40, sikujua kama mwanzo wake ni mwanamke. Na kwaya zetu zote zinamtaja Curwen tu, tena wanaomtaja ni wachache.

Alto, ya nyungunyungu mbona umeiruka? Ndiyo niliyoisikia mimi.

---

Alto wa Moshi

Nilikuwa naiwekea nafasi, Mzee.

Miaka ya mwisho Darwin alikuwa akitafiti nyungunyungu, na kitabu chake juu yao kilitoka 1881. Aliwafuga kwenye vyungu vya udongo ndani ya nyumba. Akataka kujua kama wanasikia, basi nyumba nzima ikaingia kazini. Walipulizwa filimbi ya chuma yenye sauti kali: kimya. Wakapigiwa basuni, lile zumari refu la sauti nzito, kwa nguvu zote: kimya. Wakapigiwa kelele. Piano ikapigwa kwa sauti kubwa kabisa karibu yao, wakaendelea na shughuli zao.

Halafu vyungu vikawekwa juu ya piano yenyewe. Ikabonyezwa nota ya C ya upande wa besi, na nyungunyungu wawili waliokuwa wametulia muda wote wakazama kwenye mashimo yao papo hapo. Baada ya muda wakatoka. Ikapigwa G ya juu, wakazama tena. Akajua: sauti ya hewani hawaisikii, ila mtetemo unaopita kwenye kitu kigumu wanauhisi mwili mzima.

Sitaki kulichukulia jambo hili kwa kucheka. Hapo kuna mtu asiyeweza kutofautisha wimbo na wimbo, ameishi miaka 42 pembeni ya piano, na swali alilomuuliza nyungunyungu ni kama analomuuliza nafsi yake: kinachoingia ndani ya mwili ni nini, hata sikio likiwa halifanyi kazi yake? Miaka 10 kabla, 1871, aliandika kwamba anadhani mababu wa binadamu waliimbiana wakitafuta wenza kabla hawajaweza kusema. Mtu wa namna hii angeweza kusema muziki haunihusu. Badala yake aliandika, katika zile kumbukumbu zake za 1876, kwamba kama angepewa maisha mara ya pili angejiwekea sheria ya kusoma mashairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kila juma.

---

Binti wa Ng'ambo

Na Emma mwenyewe alipigaje? Kuna anayejua?

---

Alto wa Moshi

Binti yake Henrietta ameandika. Alikuwa na mguso safi, wa kukata nota vizuri, na alipiga kwa akili bila madoido. Hakupenda kabisa muziki wa kulialia. Vipande vya pole mikononi mwake vilikwenda haraka kidogo kuliko vinavyotakiwa! Nikisoma hapo namwona: mama mwenye nyumba ya watoto saba, hana muda wa kuvuta huzuni.

Na alikuwa na wimbo mmoja aliotunga yeye, wa mwendo wa farasi akikimbia, aliokuwa akiupiga ili watoto wadogo wakimbie kwa kuruka kuzunguka chumba. Huo ndio utunzi wake ninaoujua. Aliishi miaka 14 baada ya mumewe, akafariki 1896.

Niseme na langu la mwisho kwa leo. Juzi Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa mama nikamwomba ile droo. Ana miaka 78, macho yamepungua, lakini funguo anaijua iliko. Tukatoa madaftari sita. Nikamwambia habari ya orodha ya Darwin, ya kuandika mbele ya kila wimbo kile unachokufanyia. Akanyamaza. Kisha akachukua daftari la kijani, akapapasa kurasa mpaka akafika katikati, akaniwekea kidole pembeni mwa sauti ya pili. Kulikuwa na maandishi ya penseli, madogo, sikuwahi kuyaona: "tulimzika baba na huu, mvua, besi walichelewa."

Mwingine: "siku Alto alipozaliwa niliukosa huu." Ameandika jina langu la nyumbani, sio Alto, ila mmeelewa.

Tumefika wimbo wa 31. Yeye anaimba sauti ya pili taratibu, ananiambia, mimi naandika kwenye daftari jipya. Mwalimu wa Nota, nataka ushauri wako: wino gani haufifii? Na nikipiga picha kurasa zenye penseli, mwanga uje kutoka upande gani?

---

Mwalimu wa Nota Nairobi

Alto, usitumie flashi. Weka daftari karibu na dirisha asubuhi, mwanga uje kwa pembeni, ukilala juu ya karatasi; penseli ina mng'ao wake na itaonekana. Piga kila ukurasa mara mbili, mwanga ukitoka kushoto, kisha kulia. Kwa wino tafuta kalamu iliyoandikwa kuwa wino wake haufutiki kwa maji, mweusi. Na penseli ya mama usiipitishie kalamu juu yake, hata sehemu zilizofifia. Iache kama ilivyo.

Mwambie mama shikamoo yangu. Na ukimaliza, huo wimbo wa mvua utupostie hapa, solfa tu, sauti zote nne.

---

Mzee wa Besi

Ile besi iliyochelewa nitaiimba mimi.